Hesabu za Mkulima: Isizidi, Isipungue

Mwezi huu tunajifunza hesabu ambayo wewe unaijua tangu zamani, ila hujazoea kuiandika. Kila siku unaisema kwa mdomo. Unamwambia fundi, "Nataka nguzo zisizopungua kumi." Unamwambia mtoto anayekwenda dukani, "Matumizi yasizidi elfu mbili." Unamwambia jirani, "Nikipata zaidi ya magunia manane nitakulipa." Maneno hayo "isizidi", "isipungue" na "zaidi ya" ni hesabu kamili. Tutajifunza kuyaandika kwa alama, kutafuta jibu lake, na kulichora jibu hilo.

Usiogope. Kama unajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, una kila kitu unachohitaji. Chukua penseli na karatasi. Kama karatasi hakuna, chukua kijiti ukachore uani.

Kwa nini tujisumbue? Tumtazame mkulima wa Mbwawa, kule Kibaha. Ana mihogo na mahindi. Kila mwaka anakutana na maswali matatu. La kwanza: mchuuzi amekuja shambani, je, nimuuzie mihogo hapa hapa, au nikodi gari niipeleke Dar es Salaam mwenyewe? La pili: je, gunia analolitaka mchuuzi huyu ni gunia la haki? La tatu: mahindi niliyovuna niuze kiasi gani, nibakize kiasi gani, ili watoto wangu wasilale njaa kabla ya mavuno mengine?

Maswali hayo matatu hayana jibu la namba moja tu. Jibu lake ni "kuanzia hapa", au "mwisho wake hapa". Ni maswali ya mpaka. Mkulima yeyote anaujua mpaka.

ALAMA NNE

Alama zenyewe ni nne tu:

> maana yake: ni kubwa kuliko (imezidi)
< maana yake: ni ndogo kuliko (imepungua)
≥ maana yake: ni sawa au kubwa kuliko (haipungui)
≤ maana yake: ni sawa au ndogo kuliko (haizidi)

Utazikumbukaje? Mfikirie kifaranga mwenye njaa. Mbele yake kuna punje 8 upande mmoja, na punje 5 upande mwingine. Mdomo wake atauelekeza wapi? Kwenye punje nyingi. Kwa hiyo tunaandika 8 > 5. Upande uliopanuka unatazama namba kubwa. Ncha inatazama namba ndogo. Ukiandika 5 < 8, umesema jambo lile lile kwa kuanzia upande wa pili.

Alama mbili za mwisho zina kijistari chini. Kijistari hicho ni kipande cha alama ya "sawa". Maana yake: hata tukilingana, ni halali.

Alama hizi zimetungwa na watu kama wewe na mimi, kwa kuchoka kuandika maneno marefu. Alama ya sawa, yaani =, ilianza kuchapishwa mwaka 1557 katika kitabu cha Robert Recorde, mzaliwa wa Wales. Alama za > na < zilichapishwa London mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, aliyekuwa amekwisha kufa miaka kumi kabla. Alama zenye mistari chini alizitumia Mfaransa Pierre Bouguer mwaka 1734. Leo dunia nzima inazitumia, na watoto wako wanazikuta shuleni.

HERUFI INAYOSHIKA NAFASI

Mara nyingi kuna namba tusiyoijua bado. Hapo tunaweka herufi ishike nafasi yake, kama mtu anavyoweka jiwe kwenye foleni ya maji kushika nafasi yake mpaka arudi. Idadi ya magunia tuiite m. Idadi ya wiki tuiite w. Kilo tuziite k. Unaweza kuchagua herufi yoyote, mradi ukumbuke inasimama badala ya kitu gani.

Tujaribu. Sheria ya vipimo nchini mwetu inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tukiita uzito wa gunia k, tunaandika:

k ≤ 100

Sheria nzima imeingia kwenye alama tatu! Gunia la kilo 90 ni halali. La kilo 100 ni halali. La kilo 101 limevunja sheria.

Mfano mwingine. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Kaya tukiziita n, tunaandika n ≥ 250.

Na huu ni wa tatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Wanawake tukiwaita a, tunaandika a ≥ 3. Siku ya kuchagua wajumbe hao, ninyi akina mama mkumbuke alama hiyo. Wakitajwa wanawake wawili tu, simameni muulize, kwa maana 2 haitimizi a ≥ 3.

KUCHORA JIBU

Sasa tuchore. Nenda uani, chora mstari mrefu ulionyooka. Weka alama kila hatua moja, uandike 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ni mstari wa namba. Kadiri unavyokwenda kulia, namba zinaongezeka. Kadiri unavyorudi kushoto, zinapungua.

Tuseme tunataka kuonyesha a ≥ 3. Mpaka wetu ni 3. Je, mpaka wenyewe umo ndani ya jibu? Umo, kwa sababu alama ina kijistari chini. Basi weka kokoto juu ya 3. Kisha koleza mstari kwa kijiti kuanzia kwenye kokoto kwenda kulia. Namba zote zilizo kwenye sehemu iliyokolezwa ni majibu. Katika gazeti tunachora hivi:

0 --- 1 --- 2 --- ● 3 === 4 === 5 === 6 === 7

Tumeishia 7 kwa sababu baraza lina wajumbe saba tu.

Sasa tuonyeshe m > 3. Hapa mpaka haumo. Tatu yenyewe siyo jibu, bali kila kilichoizidi tatu. Basi usiweke kokoto. Chukua kikombe, kigandamize mchangani juu ya 3, upate duara tupu. Kisha koleza kwenda kulia:

0 --- 1 --- 2 --- ○ 3 === 4 === 5 === 6 ==>

Kumbuka hivi: kokoto, mpaka umo, duara tupu, mpaka haumo. Ni kama shamba lako na la jirani. Mti ulio mpakani ni wako au si wako? Lazima lisemwe wazi, la sivyo ugomvi utazuka. Katika hesabu hizi ni vivyo hivyo.

Wakati mwingine kuna mipaka miwili, wa chini na wa juu. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema Halmashauri ya Kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wajumbe tukiwaita j, tunaandika:

15 ≤ j ≤ 25

Mchoro wake una kokoto mbili, moja kwenye 15 na nyingine kwenye 25, na mstari uliokolezwa katikati yake. Kushoto ya 15 hakuna jibu, na kulia ya 25 hakuna jibu.

CHUPA INAYOJUA HESABU

Ndugu msomaji, kuna kipimo cha mahindi ambacho ni hesabu hii hii. Mahindi ya kuweka ghalani yakiwa na unyevu mwingi yanaota ukungu, na ukungu mwingine una sumu. Inafaa unyevu usizidi asilimia 13. Mashine ya kupimia huna. Fanya hivi: chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi hadi karibu theluthi moja. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi iliyokauka kabisa. Funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15.

Chumvi ikinata kwenye ubavu wa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Usithubutu kuyaweka ghalani, anika tena. Chumvi isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15.

Umeona? Chupa haikukwambia unyevu ni asilimia ngapi hasa. Imekwambia tu uko upande gani wa mpaka: u > 15 au u < 15. Na habari hiyo inatosha kukuonya. Lakini angalia pia isichokwambia. Namba 14 iko chini ya 15, lakini bado imezidi 13. Kwa hiyo hata chumvi isiponata, ongeza siku za jua ndipo uhifadhi.

KUFUMBUA: FIKIRIA MIZANI

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, kutafuta jibu lililofichika. Fikiria mizani ya sahani mbili. Upande wa kushoto umelala chini kwa sababu ni mzito. Ukiongeza kilo 2 pande zote mbili, upande upi utakuwa mzito? Ule ule wa kushoto. Ukitoa kilo 2 pande zote mbili? Ule ule. Ukizidisha mizigo yote mara tatu? Ule ule. Ukigawanya yote nusu kwa nusu? Ule ule.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: unalofanya upande mmoja, lifanye na upande wa pili, na alama itabaki vile vile. (Kuna jambo moja tu linaloigeuza alama. Tutalifikia.)

Tufumbue hii: 3m + 4 > 19.

Toa 4 pande zote mbili: 3m > 15.
Gawanya kwa 3 pande zote mbili: m > 5.

Tumemaliza. Sasa hakikisha. Chukua namba iliyozidi 5, tuseme 6. Mara 3 ni 18, ongeza 4 ni 22. Je, 22 > 19? Ndiyo. Chukua 5 yenyewe. Mara 3 ni 15, ongeza 4 ni 19. Je, 19 > 19? Hapana. Ndiyo maana mchoro wake una duara tupu kwenye 5.

SWALI LA KWANZA: NIUZE SHAMBANI AU NIKODI GARI?

Turudi Mbwawa. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za kwenu za siku hiyo.

Mchuuzi shambani anatoa Sh. 25,000/= kwa gunia la mihogo. Sokoni Dar es Salaam, tuseme Mabibo au Buguruni, gunia linauzwa Sh. 40,000/=. Lakini kila gunia lina gharama ya mfuko, kupakia na ushuru, jumla Sh. 4,000/=. Basi mkononi inabaki Sh. 36,000/= kwa gunia. Na gari linakodiwa Sh. 100,000/=, liwe limejaa au halikujaa.

Watu wengi husikia "elfu arobaini" wakakimbilia gari. Wengine husikia "laki moja ya gari" wakakata tamaa. Wote wawili hawajapiga hesabu.

Magunia tuyaite m. Ukienda mjini unapata 36,000m − 100,000. Ukiuza shambani unapata 25,000m. Tunataka safari ilipe zaidi:

36,000m − 100,000 > 25,000m

Toa 25,000m pande zote mbili: 11,000m − 100,000 > 0
Ongeza 100,000 pande zote mbili: 11,000m > 100,000
Gawanya kwa 11,000: m > 9 na kidogo.

Huwezi kukodi gari kwa gunia "tisa na kidogo". Namba kamili ya kwanza iliyozidi hapo ni 10. Kwa hiyo safari inalipa kuanzia magunia 10.

Tuhakikishe. Magunia 9 mjini: 324,000 ukitoa 100,000 unabaki na Sh. 224,000/=. Shambani ungepata Sh. 225,000/=. Umesafiri, umelala sokoni, umepungukiwa elfu moja. Magunia 10 mjini: 360,000 ukitoa 100,000 unabaki na Sh. 260,000/=. Shambani ungepata Sh. 250,000/=. Umepata faida ya elfu kumi.

Na mpaka wa juu? Tuseme gari hilo linabeba kilo 1,500, na gunia moja ni kilo 100. Basi 100m ≤ 1,500, na ukigawanya kwa 100 unapata m ≤ 15. Mipaka yote miwili kwa pamoja ni hii:

10 ≤ m ≤ 15

9 --- ● 10 === 11 === 12 === 13 === 14 === ● 15 --- 16

Sasa mwenye magunia 6 afanyeje? Peke yake yuko kushoto ya mpaka. Gari litamla. Lakini jirani ana magunia 7. Sita na saba ni 13, na 13 iko ndani ya mipaka. Wakikodi gari moja wawili, wamevuka. Huko ndiko kushirikiana kwenye faida ya kuhesabika.

Neno la tahadhari: muhogo ukishang'olewa hauvumilii. Baada ya siku mbili au tatu unaanza kuharibika ndani. Kwa hiyo usianze kung'oa mpaka gari limethibitika na magunia yametimia.

SWALI LA PILI: GUNIA LA HAKI

Mchuuzi akisema, "Nanunua gunia kwa elfu ishirini na tano," usifurahi mpaka umeuliza gunia gani. Wengi huja na gunia lililoongezewa kipande juu na kushonwa kwa kamba kama kilemba. Hilo ndilo lumbesa. Tuseme linabeba kilo 130. Mpaka wa sheria ni k ≤ 100. Basi kilo 30 za juu umezitoa bure.

Kilo 30 mara magunia 10 ni kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya haki. Kwa bei ile ile, umempa mchuuzi Sh. 75,000/= bila kujua, pamoja na jasho lako la kupalilia. Pimeni kwa mizani. Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia sheria hiyo. Mnunuzi akikataa mizani, jiulize anakimbia nini.

JAMBO LINALOGEUZA ALAMA

Nilisema kuna jambo moja linalogeuza alama. Ni kuzidisha au kugawanya kwa namba hasi, yaani namba yenye alama ya kutoa mbele yake, kama −1 au −18.

Bibi mmoja katika darasa la watu wazima aliniuliza, "Mwanangu Bwana Shamba, alama igeuke kwa nini? Mbona tulipogawanya kwa 3 haikugeuka?"

Nikamjibu, "Bibi, nani ana hali nzuri, mwenye shilingi 500 mfukoni au mwenye shilingi 300?"

"Mwenye mia tano."

"Na nani ana hali nzuri, mwenye deni la 500 au mwenye deni la 300?"

Akacheka. "Mwenye deni la mia tatu. Yule wa mia tano kazama zaidi."

Basi huo ndio ufumbuzi wote, ndugu msomaji. Namba hasi ni deni. 500 > 300, lakini −500 < −300. Mali ikigeuka deni, aliyekuwa juu anakuwa chini. Kwa hiyo alama lazima igeuke pamoja nayo. Kujumlisha na kutoa hakuigeuzi. Kuzidisha na kugawanya kwa namba ya kawaida hakuigeuzi. Kuzidisha na kugawanya kwa namba hasi tu ndiko kunakoigeuza.

SWALI LA TATU: NIUZE MAHINDI KIASI GANI?

Hapa ndipo penye roho za watu. Soma taratibu.

Familia ya watu sita imevuna mahindi ya masika, kilo 600, magunia sita. Tuanze kuhesabu tarehe 1 Agosti. Kila wiki wanakula kilo 18. Wamekubaliana wasiguse kilo 60, kwa ajili ya mbegu, ugonjwa na wageni wa misiba. Je, chakula kitafika wiki ya ngapi?

Wiki tuziite w. Kilichobaki ni 600 − 18w, nacho kisipungue 60:

600 − 18w ≥ 60

Toa 600 pande zote mbili: −18w ≥ −540
Gawanya kwa −18, na alama igeuke: w ≤ 30

Wiki 30. Kuanzia 1 Agosti, hiyo ni mwishoni mwa Februari. Mahindi mapya ya masika yatakomaa lini? Julai. Kwa hiyo hata asipouza punje moja, mahindi peke yake hayafiki.

Sasa Agosti hiyo hiyo lori limekuja. Baba anasema, "Tuuze magunia mawili, tununue bati." Tupige hesabu kabla ya kufungua ghala. Zimebaki kilo 400:

400 − 18w ≥ 60
−18w ≥ −340
w ≤ 18 na zaidi ya nusu

Wiki ya 19 haitimii, kwa hiyo tunahesabu wiki 18 kamili. Angalia tofauti. Kwenye magunia ya gari tulipanda hadi 10, kwa sababu tulitaka kuvuka mpaka. Kwenye chakula tunashuka hadi 18, kwa sababu hatutaki kuuvuka mpaka. Wiki 18 zinaishia mwanzoni mwa Desemba. Huo ni wakati wa mvua za vuli, jembe liko mkononi kutwa, na bei ya mahindi dukani imepanda. Atanunua kwa bei ghali kile alichouza kwa bei rahisi.

Basi auze kiasi gani? Tuseme anategemea mahindi ya vuli mwishoni mwa Januari, yaani baada ya wiki 26. Wiki 26 mara kilo 18 ni kilo 468. Kilo za kuuza tuziite k:

600 − 468 − k ≥ 60
132 − k ≥ 60
−k ≥ −72
k ≤ 72

Kilo 72! Hata gunia moja halitimii. Na vuli yenyewe huenda isije vizuri. Mama aliyekuwa akisema "tusiuze" hakuwa mkaidi. Alikuwa akipiga hesabu hii kichwani, kwa kuuangalia ugali na kuwahesabu watoto.

Je, hakuna njia? Iko, na iko shambani. Familia ile ile ikila muhogo siku tatu kwa wiki, mahindi yatalika siku nne tu. Badala ya kilo 18 kwa wiki, zitatumika kama kilo 10 na ushee. Tuweke 11, tusijidanganye:

600 − 11w ≥ 60
−11w ≥ −540
w ≤ 49 na kidogo

Wiki 49 kamili! Hizo zinafika Julai, mahindi mapya yakiwa yanakomaa. Hayo ndiyo mabadiliko yanayoletwa na siku tatu za muhogo. Na muhogo una sifa moja njema: ukiwa haujang'olewa unangoja ardhini, unang'oa kiasi cha kula siku hiyo. Kwa hiyo mkulima asiuze mihogo yote kwa sababu gari limepata nafasi. Kwanza atenge ya kula, ndipo ahesabu ya gari.

Kaeni pamoja nyumbani, baba, mama na watoto wanaosoma. Andikeni namba zenu wenyewe: kilo mlizo nazo, kilo mnazokula kwa wiki, na akiba msiyoigusa. Mpige hesabu hii kabla lori halijafika. Likishafika, sauti ya injini na noti mpya huzuia akili kufanya kazi.

MAZOEZI

Fanya mwenyewe kwanza. Majibu yako chini, usiyatazame.

1. Mtu anaruhusiwa kupiga kura akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Umri uite u. Andika kwa alama. Mchoro wake una kokoto au duara tupu?

2. Kibao cha barabarani kimeandikwa 50. Mwendo wa gari uite g. Andika kwa alama.

3. Fumbua: 4m + 3 < 23. Kisha chora.

4. Una Sh. 100,000/= za kununua miche ya mikorosho. Usafiri ni Sh. 16,000/= na mche mmoja tuseme ni Sh. 2,000/=. Unaweza kununua miche mingapi isiyozidi fedha yako? Ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa mita 12, ekari moja inachukua miche kama 28. Je, miche yako inatosha ekari moja?

5. Simtangi lina lita 2,000. Mnatumia lita 80 kwa siku. Hamtaki zipungue lita 400. Siku ziite s. Mtatumia siku ngapi? Angalia, alama itageuka.

MAJIBU

1. u ≥ 18. Kokoto, kwa sababu mwenye miaka 18 kamili anapiga kura.

2. g ≤ 50.

3. Toa 3: 4m < 20. Gawanya kwa 4: m < 5. Duara tupu kwenye 5, koleza kwenda kushoto.

4. 2,000m + 16,000 ≤ 100,000. Toa 16,000: 2,000m ≤ 84,000. Gawanya kwa 2,000: m ≤ 42. Inatosha ekari moja, na miche 14 inabaki, ya nusu ekari nyingine.

5. 2,000 − 80s ≥ 400. Toa 2,000: −80s ≥ −1,600. Gawanya kwa −80, alama igeuke: s ≤ 20. Siku zisizozidi 20.

Ukikosa moja, rudia pale uani kwa kijiti na kokoto. Ukipata zote, mfundishe jirani mmoja.

Mwezi ujao tutachora hesabu yenye herufi mbili: ekari za mihogo na ekari za mahindi, katika shamba moja lisilozidi ekari tano. Andaeni karatasi yenye mistari ya miraba, na kila mmoja aje na ukubwa wa shamba lake mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Bwana Shamba